Marais wakishaondoka JNICC, faili linabaki kwa nani?

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Kila Dar ikipata mkutano wa marais, mjadala wetu mitaani ni mmoja: foleni. Barabara ya Nyerere imefungwa, ving'ora, daladala zimezuiwa, abiria wanashuka kutembea kwa miguu. Januari 2025 watumishi wa umma wa mji huu waliambiwa wafanyie kazi nyumbani kwa siku mbili ili wageni wapite. Mkutano ukiisha tunaona picha ya pamoja, tunatoa hukumu yetu ya siku zote kwamba hawa walikuja kula posho, basi, tunarudi kwenye Simba na Yanga.

Sikatai kwamba posho zipo. Ninachokataa ni kuitia mikutano yote kapu moja. Ipo iliyogusa maisha ya mtu wa Mbagala, na ipo iliyokufa kabla viti havijakunjwa.

Mimi nina tabia ya kusoma maazimio. Hotuba nazipita, maana hotuba ni ya siku ile ile. Nasoma karatasi ya mwisho, taarifa ya pamoja, nikitafuta kitu kimoja tu: wageni wakishapanda ndege, faili limebaki kwa nani? Yupo mtu au ofisi ambayo mwakani unaweza kuigongea mlango ukauliza "mlisema mtafanya hiki, kimefikia wapi"? Kama hayupo, hata azimio liandikwe kwa maneno matamu namna gani, mimi nalifunga.

Chukueni mikutano miwili iliyofanyika hapa hapa mjini ndani ya wiki mbili, mwanzoni mwa 2025.

Wa kwanza ni ule wa nishati, Mission 300, tarehe 27 na 28 Januari pale JNICC, ukumbi wa mikutano wa Julius Nyerere. Afrika ina watu karibu milioni 600 wasio na umeme. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zilikuwa zimeweka lengo la kuwafikia milioni 300 kabla ya 2030 kuisha. Benki ya Dunia ikabeba milioni 250, AfDB milioni 50. Nchi 12, sisi tukiwemo, zikaja na mipango ya kitaifa mkononi. Wa kwetu unasema kufika 2030 asilimia 75 ya Watanzania wawe na umeme, na asilimia 75 wawe wanapikia nishati safi. Ahadi zilizotajwa ukumbini zikavuka dola bilioni 50. Hizo bilioni hazinisisimui, nimezizoea. Kilichonifanya nisome mara mbili ni kwamba mipango ile inataka kila nchi iwe na kitengo cha kufuatilia utekelezaji, na kwamba mkopeshaji mwenyewe ndiye anayehesabu, maana hela ni yake. Septemba mwaka huo huo nchi nyingine 17 zikatangaza mipango yao New York. Kwa hiyo faili lina mwenyewe, na bado liko mezani.

Wa pili. Alfajiri ya tarehe 27 Januari, siku ile ile wageni wa umeme wanaingia ukumbini, waasi wa M23 wakatangaza kwamba wameuchukua mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Siku kumi na mbili baadaye, Jumamosi ya tarehe 8 Februari, viongozi wa EAC (jumuiya ya Afrika Mashariki) na SADC (jumuiya ya kusini mwa Afrika) wakakaa pamoja Ikulu hapa Dar. Ruto na Mnangagwa wakaongoza kikao. Kagame alikuja mwenyewe, Tshisekedi akashiriki kwa video. Ukisoma maazimio yake yana meno: wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano waelekeze namna ya kusitisha mapigano, uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe, mazungumzo ya amani ya Kongo, yale ya Luanda na yale ya Nairobi, yaunganishwe. Kufika katikati ya Februari, Bukavu nayo ilikuwa mikononi mwa M23. Machi SADC ikaamua kukiondoa kikosi chake huko Kongo, ambacho kilikuwa na vijana wetu pia. Mazungumzo yenyewe yakahamia Doha, kisha Washington, ambako mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini tarehe 27 Juni.

Ulikuwa bure? Hapana, jamani. Kuwakalisha chumba kimoja watu wasiotazamana usoni ni kazi. Lakini faili lile lilikuwa na wenyewe wengi mno. EAC ina lake, SADC ina lake, Angola ilikuwa na lake mpaka ikajitoa Machi. Wakateuliwa wasuluhishi, Uhuru Kenyatta, Obasanjo na Hailemariam Desalegn. Halafu Umoja wa Afrika ukampa kazi hiyo hiyo Faure Gnassingbé wa Togo. Ukitaka kuuliza, unamgongea nani?

Na mji huu uliwahi kuishi na mkutano ulioacha ofisi. Mei 1963 kule Addis Ababa, OAU (umoja wa nchi huru za Afrika) inazaliwa, marais hawakuishia kulaani ukoloni. Waliunda Kamati ya Ukombozi, makao makuu wakayaweka Dar es Salaam, kila nchi ichangie. Nchi nyingi zilikuwa wasumbufu kuchangia, msidhani zamani watu walikuwa malaika. Ila palikuwa na mlango wa kugonga. Palikuwa na katibu mtendaji, kwa miaka mingi Hashim Mbita. Palikuwa na kambi Kongwa na Nachingwea. Msumbiji na Angola 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, Afrika Kusini 1994, na mwaka huo huo kamati ikafungwa kwa kuwa kazi imeisha. Nitajieni kamati nyingine iliyowahi kufungwa kwa sababu hiyo.

Kwa wale wa "mikutano ya mazingira ni utalii": ule ukuta wa bahari pale Barabara ya Barack Obama, mnaoukalia jioni mkipunga upepo, ulizinduliwa 2018, na sehemu ya fedha zake ilitoka kwenye mfuko wa kimataifa wa kuzisaidia nchi kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Mfuko huo ulianzishwa Marrakech 2001, kwenye COP ya saba, yaani mkutano wa dunia wa tabianchi. Miaka kumi na saba kutoka kikao hadi zege! Ni mingi, sibishi. Lakini bahari ilikuwa inaila ile barabara, na leo pana ukuta. (Jina la barabara lenyewe tulilibadilisha Julai 2013 Obama alipokuja. Hilo halikuchukua miaka kumi na saba.)

Sasa geukieni Abuja, Aprili 2001. Viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nani alibaki na faili? Hakuna. Hakuna adhabu, hakuna hata wa kumvuta mwenzake pembeni. Zaidi ya miaka ishirini imepita na nchi zilizofikisha zinahesabika kwa vidole.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja alete hoja, mwenye matusi jukwaa la mpira liko wazi.

mzee_wa_siti_ya_mbele
Nimevuta kiti. Ila mleta uzi umeandika kama ripoti ya CAG, ungetuwekea na muhtasari sisi wenye bando la kupima.

bodaboda_wa_feri
Mkuu nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu, lakini wewe unaongea ukiwa ofisini. Mikutano ikija sisi tunaambiwa tusionekane mjini. Kijiwe chetu kinahamishwa bila notisi, ukiingia Posta unakamatwa. Hesabu ya tajiri haijui kama Banga wa Benki ya Dunia yuko JNICC. Hiyo karatasi ya mwisho unayoipenda, kuna mstari umeandikwa bodaboda atafidiwa?

Mleta uzi
Hakuna, na hoja yako ni ya haki. Gharama ya mkutano inahesabiwa kwa hoteli na ndege. Siku ya bodaboda, ya mama ntilie, ya machinga wa Posta haiingii popote. Anayeleta mkutano mjini angepaswa kuijua hiyo kabla ya kukubali kuwa mwenyeji. Sitakujibu kwa siasa hapo.

Dada_wa_Sinza
Mimi nitawarahisishia walioshindwa kusoma. Kikao cha harusi. Watu wanasimama, "mimi laki tano", makofi. "Mimi milioni", vigelegele. Harusi inafanyika au haifanyiki kwa sababu ya yule dada mwenye daftari anayewapigia simu kila Ijumaa mpaka wanamkatia. Abuja hawakuwa na yule dada.

Sasa niulize la kwangu. Kupikia nishati safi. Mei 2024 Rais Samia alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris, zikatajwa dola bilioni 2.2 kwa Afrika. Mkakati wetu wa taifa unasema asilimia 80 kufika 2034, mpango wa Mission 300 unasema 75 kufika 2030. Haya, mimi Sinza natumia gesi. Mtungi ukiisha katikati ya mwezi, mkaa unarudi jikoni, na majirani zangu wote ni hivyo hivyo. Mimi wananihesabu wapi?

Mleta uzi
Dada umenipiga kwenye mshono. Wakihesabu mwenye mtungi, wewe umo. Wakihesabu chungu cha maharage kimeiva kwa nini, haumo. Na ndiyo maana nasema mtu wa faili peke yake hatoshi, inabidi ujue anahesabu nini.

mkalimani_kibandani
Wakuu, nimefanya kazi ya ukalimani kwenye mikutano hii, mingine hapa mjini, mingine nje. Niwaongezee jambo ambalo mleta uzi hakuligusa.

Mnaowaona kwenye televisheni wanafika mwisho. Kwa EAC na SADC utaratibu ni ngazi: kwanza maofisa waandamizi, halafu makatibu wakuu, halafu mawaziri, ndipo wakuu wa nchi. Karatasi mnayoisoma imeanza kuandikwa muda mrefu kabla ya zulia jekundu kutandikwa. Palipo na ubishi wanaweka maneno kwenye mabano, na usiku kucha kazi ya maofisa ni kuyatoa mabano. Mabano yakibaki mpaka kwa mawaziri, kuna tatizo. Yakifika kwa marais, wanatuambia wakalimani tubaki mpaka saa nane usiku na chai inaletwa ya pili.

Kwa hiyo mtu akisema "marais walikaa saa mbili tu wakamaliza", hajui kwamba saa mbili zile ni za kubariki. Marais wenyewe wanashughulika na kile kifungu kimoja au viwili ambavyo ofisa yeyote akivigusa anapoteza kibarua, na hivyo wanavimaliza faragha, milango imefungwa, hata sisi wakati mwingine tunatolewa. Ukitaka kujua mkutano ulikuwa na uzito, angalia kile kilichotoka faragha. Kwenye ule wa tarehe 8 Februari, kuunganisha Luanda na Nairobi ndiko kulikokuwa na kazi. Zile siku tano za wakuu wa majeshi, mwenye uzoefu akizisoma anajua hapa watu walitaka waonekane wameharakisha.

Na posho, kwa kuwa mtauliza: ndiyo, ipo. Kuna hoteli moja mjini humu ilitulaza wakalimani wawili wawili chumbani wakati karatasi inasema kila mtu na chake. Tofauti ilienda wapi, sijui.

chuma_cha_reli
Mnazunguka mbuyu. JPM, Magufuli, alipoingia 2015 alibana safari za nje, hakukanyaga nje ya Afrika akiwa Rais, New York kwenye Baraza Kuu alituma wawakilishi. Nchi ilisimama? Reli ilijengwa, bwawa la Rufiji likaanza, megawati 2,115 hizo. Hakuna mtu aliyemsubiri kwenye mkutano. Nyie endeleeni kusoma maazimio.

Mleta uzi
Kaka, bwawa silibishii. Ila usisahau kwamba huyo huyo Agosti 2019 aliwapokea wakuu wa SADC hapa JNICC, akachukua uenyekiti, akasimama akahutubia kwa Kiswahili, na mkutano ule ule ndio uliokifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne ya SADC baada ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Hakuichukia mikutano. Alichagua wa kwenda na wa kuita nyumbani. Ukitaka kumtumia kama hoja, mtumie mzima.

mkalimani_kibandani
Na uamuzi ule umetupa ugali baadhi yetu. Naongezea tu.

mtoto_wa_Kivu
Habari zenu. Mimi kwetu Bukavu, biashara yangu iko Kariakoo, mzigo wangu unapita bandari hii. Tarehe 8 Februari duka nilifunga mapema nikasubiri hiyo taarifa ya Ikulu. Mama alikuwa bado Bukavu. Nilipoisoma nilimpigia, nikamwambia viongozi wamesema vita visimame, subiri kidogo usiondoke. Alisubiri.

Yuko salama, nashukuru Mungu. Sitaki kusema zaidi. Ila uwanja wa Goma walisema ufunguliwe, na miezi ikapita umefungwa, na sijawahi kuona mtu mmoja aliyeitwa kuulizwa kwa nini. Mleta uzi uko sahihi kwamba faili lilikuwa na watu wengi. Mimi ningesema hata kama lingekuwa na mmoja, yule mmoja hakuwa na askari wa kumtuma, na waliokuwepo wakaambiwa warudi makwao.

Mleta uzi
Pole sana ndugu yangu. Sina la kukujibu hapo, na sitajaribu kulitafuta.

bodaboda_wa_feri
Pole kaka. Ukipita Feri nitafute, kokote nakupeleka bure.

fundi_wa_Chanika
Nimechelewa, nilikuwa site. Mleta uzi nina ugomvi na wewe kwenye Mission 300, umeisifia mapema sana.

Mimi ni fundi wa umeme. Kwanza hao milioni 300 ni watu wa kuunganishwa. Kuunganishwa ni mita ukutani. Nimefunga mita nyingi ambazo LUKU inanunuliwa ya elfu mbili kwa mwezi, taa mbili na chaji ya simu. Kwenye karatasi ya JNICC huyo keshahesabiwa, anapigiwa makofi. Pili, kijijini kuunganishiwa ilikuwa 27,000, ukihesabika mjini 320,960. Huku kwetu pembezoni mtu anaishi maisha ya kijiji na bei inasoma mjini. Kuna mtaa nimewahi kukuta nguzo inapita mlangoni kwa watu na nyumba kadhaa gizani. Nguzo haikuwa shida, shida ni hiyo laki tatu. Tatu, hizo bilioni 50 unazosema hazikusisimui zingekusisimua ungejua sehemu kubwa ni mikopo. Anayehesabu ni mkopeshaji, sawa, lakini anahesabu ili alipwe, hahesabu kama mtoto wa Chanika anasoma usiku.

Mleta uzi
Hoja ya mkopo naikubali kwa mikono miwili, na ngoja niifungulie njia kwa sababu historia yetu inayo.

Miaka ya tisini nchi hii ilikuwa inalipa madeni huku shule zinabomoka. Mwaka 1999 wakubwa wa G8 walikutana Cologne, Ujerumani, wakakubali kupanua msamaha wa madeni kwa nchi maskini. Hawakuamka asubuhi wakawa na huruma. Kulikuwa na kampeni ya makanisa na vyama vya kiraia dunia nzima ikiwasukuma, watu wakijipanga barabarani nje ya vikao. Tanzania ilifikia hatua ya kusamehewa Novemba 2001. Ni mwaka huo huo ada ya shule ya msingi ilifutwa, na MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ikaanza 2002. Mnaokumbuka watoto kusomea chini ya miembe kwa sababu walioandikishwa walikuwa wengi kuliko madarasa, chanzo chake kimojawapo ni kikao cha wazungu Cologne.

Kwa nini kile kilifika mpaka kwenye dawati? Kwa sababu kilikuwa na masharti yaliyoandikwa, kina tarehe, na kina mtu wa kuthibitisha umefikia au hujafikia. Masharti mengine yalikuwa ya kibabe, nakubali. Ila msamaha wa deni na mkopo mpya ni vitu viwili tofauti kabisa, na hapo fundi una haki kunikaba. Cologne walituondolea mzigo. Januari 2025 tumejitwisha mwingine, tukitumaini umeme utazalisha cha kuulipia. Taa mbili na chaji ya simu hazizalishi. Mashine ya kusaga, friji ya samaki, kiwanda cha alizeti, hivyo ndivyo vinalipa.

Dada_wa_Sinza
Sasa hapo mmeanza kuongea.

mzee_wa_siti_ya_mbele
COP je? Baku 2024 walisema dola bilioni 300 kwa mwaka kufika 2035, wakati nchi zetu ziliomba trilioni 1.3. Na ile bilioni 100 ya Copenhagen 2009, iliyotakiwa itimie 2020, kwa hesabu za OECD ilitimia 2022. Mzee mzima naona wanatupa tarehe ambazo wengine hatutazifikia.

mkalimani_kibandani
Baku nyundo iligongwa, India ikasimama kulalamika azimio likiwa limeshapita. Hiyo nayo ni sanaa, mzee wangu: mwenyekiti anayejua kugonga haraka.

fundi_wa_Chanika
Tuache Baku. Mleta uzi, umesema mlango wa kugonga. Mimi mtu wa Chanika nagonga upi? Usiniambie nipande ndege niende Washington.

Mleta uzi
Wizara ya Nishati iko Dodoma. Kila mwaka bajeti yake inasomwa bungeni kabla ya Juni kuisha, na hotuba ya waziri inachapishwa, utaipata bure mtandaoni. Tafuta idadi ya wateja waliounganishwa mwaka huo, iweke pembeni ya mwaka uliotangulia. Halafu mbunge wako umpe swali moja, lililoandikwa: hiyo bei ya mjini inatuhusu vipi sisi wa pembezoni, na Mission 300 inalipia nini katika hiyo laki tatu? Swali la msingi likiingia bungeni lazima lijibiwe na jibu linabaki kwenye kumbukumbu rasmi. Ukiniandikia takwimu za mtaa wako, nguzo ngapi na nyumba ngapi hazijaunganishwa, mimi nitakusaidia kuliandika.

fundi_wa_Chanika
Nitaanza na mitaa mitatu ninayoifanyia kazi. Nipe mpaka Jumapili.

bodaboda_wa_feri
Na la vijiwe mliandike humo humo.